Siasa Zilikuwamo Tangu Mwanzo

Hotuba kwa vijana wapenzi wa filamu na vitabu vya katuni

Wazee wetu mlioketi mbele, dada na kaka zangu, na nyinyi wadogo zangu mliojaa huko nyuma mpaka mlangoni, shikamooni wakubwa, na wenzangu nawasalimu sana.

Nimeombwa niseme juu ya filamu za mashujaa wenye nguvu zisizo za kawaida na ubishi unaozifuata. Ninataka nianze na lalamiko moja. Kila filamu mpya ya aina hii inapotoka nalisikia kijiweni, kwenye daladala, kwenye magrupu ya WhatsApp: "Wameiharibu kwa kutia siasa." Mtu anasema alikwenda kumtazama stelingi akipambana na adui, akajikuta anahubiriwa mambo ya rangi, wanawake na serikali. Anataka arudishiwe ile hadithi ya zamani, iliyokuwa ya ngumi na kuruka tu.

Hadithi hiyo ya ngumi tupu haijawahi kuwapo. Ninalisema hili kwa watu ninaowapenda na kuwaheshimu, kwa sababu wanaolalamika hivyo ndio hasa wapenzi wa filamu hizi. Wanajua kila jina na kila vazi. Lakini wanapoambiwa mambo haya yalianzia wapi, wengi hawaamini.

Tumchukue Superman, babu yao wote. Alitoka mwaka 1938, kazi ya vijana wawili wa Cleveland, Marekani, Jerry Siegel na Joe Shuster, watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi. Nchi ilikuwa bado imo kwenye mdororo mkubwa wa uchumi na watu hawakuwa na kazi. Mnadhani Superman wa kwanza alikuwa anapigana na majitu kutoka sayari za mbali? Hapana. Katika toleo la kwanza kabisa anamkamata mume anayempiga mkewe, kisha anamfuata mtu anayemrubuni seneta kwa niaba ya watu wenye maslahi yao. Katika toleo la tatu anashughulika na mwenye mgodi anayeacha wafanyakazi wafanye kazi kwenye machimbo ya hatari. Anachofanya ni hiki: anahakikisha tajiri yule na wageni wake wanakwama humo humo mgodini, wajionee wenyewe vifaa vya usalama vilivyooza. Huyo ndiye Superman wa awali. Alikuwa mtetezi wa mchimbaji dhidi ya mwenye mali.

Miaka michache baadaye akaja Captain America wa Joe Simon na Jack Kirby. Jalada la toleo la kwanza linamwonyesha akimtandika Adolf Hitler ngumi ya taya. Toleo lile lilifika madukani mwishoni mwa mwaka 1940, na Marekani haikuingia vitani hadi Desemba 1941. Kwa hiyo kwa karibu mwaka mzima, wakati raia wengi wa nchi ile walitaka wakae mbali na vita vya Ulaya, vijana wawili wa Kiyahudi walikuwa wamekwisha kuchagua upande wao na kuuchora kwa rangi. Walitishiwa. Simon alisimulia baadaye kwamba polisi waliwekwa kulinda ofisi zao, na kwamba Meya wa New York, Fiorello La Guardia, aliwapigia simu mwenyewe kuwaahidi ulinzi. Na mwaka 1946 igizo la redio la Superman likaliingilia kundi la Wazungu wabaguzi la Ku Klux Klan, likawaonyesha watoto wa nchi nzima kwamba wale watu wa makanzu meupe ni waoga na walaghai.

Wapo waliojaribu kuziondoa siasa. Mwaka 1954, baada ya vikao vya Seneti vya kuchunguza iwapo vitabu vya katuni vinaharibu watoto, wachapishaji wa Marekani walijiwekea kanuni za kujichuja. Moja ya kanuni hizo ilisema polisi, majaji na viongozi wa serikali wasichorwe kwa namna itakayowaondolea heshima. Hebu tafakarini hilo. Wanakuambia wanasafisha hadithi, na jambo wanalolisafisha ni haki ya kumwonyesha hakimu mla rushwa. Kampuni ya Marvel, wachapishaji wa Captain America, iliachana na kanuni hizo mwaka 2001, na DC, wenye Superman, ikafuata mwaka 2011.

Sasa nifike kwenye filamu ambayo hapa ndani sidhani kama yupo asiyeiona: Black Panther, ya mwaka 2018. Kisumu ilionyeshwa mwezi Februari kwa shangwe kubwa, Lupita Nyong'o akiwa binti wa pale. Saudi Arabia walipofungua tena majumba ya sinema Aprili mwaka huohuo, baada ya kuyafunga kwa zaidi ya miaka 35, filamu waliyoanza nayo Riyadh ilikuwa hiyo. Mapato yake duniani yalipita dola bilioni 1.3. Mhusika mwenyewe, T'Challa, alitungwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966, na miezi michache baadaye, Oktoba ya mwaka uleule, chama cha Black Panther, cha Wamarekani weusi waliopigania haki zao, kikaanzishwa Oakland, California. Mwongozaji wa filamu, Ryan Coogler, ni mwenyeji wa Oakland. Ndiyo maana filamu inaanzia huko na kuishia huko.

Ninataka tukae kidogo kwenye filamu hii, maana ubishi wake bado haujaisha na usiishe.

Wakanda ni nchi ya Afrika yenye madini adimu kuliko yote duniani, na haijawahi kuporwa. Imejificha. Imejiendeleza. Kisha anakuja Killmonger, kijana aliyelelewa Marekani bila baba, anauliza swali ambalo liliwagawa watazamaji Nairobi kama lilivyowagawa Chicago: mlikuwa wapi? Watu wa rangi yenu walipokuwa wanauzwa na kupigwa risasi, nyinyi mlikuwa na silaha na dawa na elimu, mbona mlikaa kimya? T'Challa, mfalme wa Wakanda, hana jibu, na filamu ina ujasiri wa kuonyesha kwamba hana jibu. Mnaosema Killmonger ni adui tu, mtazameni tena. Ni muuaji, kweli. Aliamuru mimea mitakatifu ya Wakanda ichomwe moto, akamkaba mwanamke mtu mzima shingoni. Lakini swali lake lilibaki limesimama hata baada ya yeye kuanguka, na T'Challa alilazimika kubadilisha siasa ya nchi yake kwa sababu yake.

Mimi nina ugomvi na filamu hii mahali pengine kabisa. Mnamkumbuka yule Mzungu, Everett Ross, ofisa wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani? Anaokolewa, anatibiwa, anafanywa rafiki. Mwishoni ndiye anayerusha ndege kwa mbali na kutungua vyombo vilivyobeba silaha za Wakanda kwenda kwa wanyonge wa dunia. Filamu inatutaka tumshangilie. Mimi siwezi. Mwaka 1975 kamati ya Seneti ya Marekani yenyewe ilieleza kwamba CIA ilipanga kumwua Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, kwa sumu. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961 huko Katanga, mikononi mwa watu wengine, maofisa wa Kibelgiji wakiwepo. Katanga, ndugu zangu, ni nchi ya Waswahili wenzetu. Lubumbashi wanazungumza lugha hii tunayozungumza hapa.

Na Katanga ndiko iliko Wakanda ya kweli, ile ambayo haikuweza kujificha. Kwenye mgodi wa Shinkolobwe kulikuwa na urani safi kuliko iliyojulikana popote. Mwaka 1940 kampuni ya Kibelgiji iliyokuwa na mgodi ule ilisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe yake hadi New York, na urani ya Kongo ikawa sehemu kubwa ya malighafi ya mradi uliotengeneza bomu la Hiroshima. Wachimbaji wa Shinkolobwe hawakuambiwa wanachimba nini. Sasa mtu akiniambia nitazame filamu juu ya nchi ya Kiafrika yenye madini ya ajabu halafu nisifikirie siasa, ananiambia nimsahau mchimbaji wa Katanga. Superman wa 1938 asingemsahau.

Na jambo hili halikuishia 1945. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo hiyohiyo, sehemu za Kolwezi na Lubumbashi, na sehemu yake inachimbwa kwa mikono na watu wanaoshuka kwenye mashimo kwa kamba. Kobalti inaingia kwenye betri za simu. Tunabishana juu ya Wakanda kwa kutumia kitu kilichotoka Katanga. Kila mmoja wetu hapa anacho mfukoni.

Hapo ndipo suala la teknolojia linapoingia, na ninaomba mnisikilize vizuri, maana sikuja kuwaambia mtupe simu. Ninaitumia, ninaipenda, imenipa elimu ambayo baba yangu hakuweza kuipata. Nina neno na jinsi ubishi wetu unavyoendeshwa ndani yake. Mwaka 2021 nyaraka za ndani za Facebook zilitolewa hadharani na aliyekuwa mfanyakazi wake, Frances Haugen. Zilionyesha kwamba kuanzia mwaka 2017 mfumo wa kupanga habari ulihesabu alama ya uso wenye hasira kuwa na uzito mara tano ya alama ya kupenda. Maana yake, andiko lililowakasirisha watu lilisukumwa mbele ya macho ya wengi zaidi kuliko lililowapendeza. Baadaye walipunguza uzito huo, na mwaka 2020 wakaufuta kabisa kwa alama ya hasira. Lakini kwa miaka ile, mtu mwenye hoja ya taratibu alikuwa anashindana na mtambo.

Angalieni jinsi hasira hiyo ilivyofanya kazi mwaka 2022, ilipotoka tamthilia ya The Rings of Power, iliyochukua ulimwengu wa J.R.R. Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings. Ismael Cruz Córdova wa Puerto Rico aliigiza mmoja wa wale watu wasiozeeka, Sophia Nomvete akaigiza binti wa kifalme wa mbilikimo wa milimani, Lenny Henry akawa mmoja wa watu wadogo wanaohamahama. Ngozi zao nyeusi zikazua matusi ambayo sitayarudia mbele ya wazazi. Amazon ikalazimika kuyazuia kwa muda maoni ya watazamaji. Waigizaji wa filamu za The Lord of the Rings za 2001 hadi 2003 walijitokeza hadharani kuwatetea wenzao. Waliotukana walijiita walinzi wa Tolkien. Tolkien huyu, aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, aliandikiwa mwaka 1938 na wachapishaji wa Ujerumani wakitaka kujua kama ana damu ya Kiarya, yaani kama si Myahudi, kabla hawajatafsiri kitabu chake. Alikasirika. Aliandika rasimu ya jibu kali, akisikitika kwamba hana mababu katika taifa lile lenye vipaji la Wayahudi. Mlinzi wa kweli wa Tolkien angeanzia hapo. Tamthilia yenyewe ina udhaifu wake, inajikokota, na mazungumzo mengi hayana uzito. Hayo yalistahili kusemwa, na kelele za rangi zikayafunika.

Wakati sisi tunagombania ngozi ya mtu wa kubuni, maamuzi makubwa yanapitishwa kimya. Agosti 2022 kampuni ya Warner Bros. Discovery ilitangaza kwamba filamu ya Batgirl haitaonyeshwa popote. Ilikuwa imekwisha kupigwa. Taarifa za magazeti zilisema imegharimu karibu dola milioni 90. Mwigizaji mkuu alikuwa Leslie Grace, na waongozaji walikuwa Adil El Arbi na Bilall Fallah, Wabelgiji wenye asili ya Morocco. Walieleza wenyewe kwamba waliposikia habari walijaribu kuingia kwenye kompyuta walimohifadhi kazi yao, angalau wairekodi kwa simu, wakakuta wamefungiwa. Kazi ya mamia ya watu ikawekwa kabatini kwa sababu za kihasibu. Nilitafuta hasira ya mtandaoni juu ya jambo hilo. Ilikuwapo kwa siku chache.

Mwaka uliofuata waandishi wa filamu wa Marekani wakagoma, kuanzia tarehe 2 Mei hadi 27 Septemba 2023, siku 148. Waigizaji nao wakaungana nao Julai, wakakaa nje siku 118. Walikuwa wanadai malipo bora, hasa ya kazi zinazoonyeshwa kwenye mtandao. Walidai pia jambo ambalo halikuwahi kuwa kwenye mgomo mkubwa namna hiyo: akili mnemba. Waandishi walitaka mtambo usihesabiwe kuwa mwandishi. Waigizaji, hasa wale wa umati, wanaopita nyuma ya stelingi bila kusema neno, walitaka miili na sura zao zisipigwe picha mara moja na kutumiwa milele bila ridhaa na bila malipo. Mikataba waliyosaini mwishoni haikuwapa kila kitu. Iliwapa msingi: ridhaa kwanza, malipo pia.

Hili si jambo la Hollywood peke yake. Siegel na Shuster walimuuza Superman kwa dola 130. Miongo ikapita, kampuni zikatajirika, wao wakahangaika, hadi mwaka 1975 watu walipopiga kelele magazetini ndipo wakapewa pensheni ya dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja na majina yao yakarudishwa kwenye kazi yao. Teknolojia imebadilika na wizi ni uleule.

Sasa niwageukie nyinyi mnaofanya kazi hii hapa kwetu. Wengi wetu hatukuzijua filamu hizi kwa Kiingereza. Tulizijua kwenye vibanda vya video kwa sauti za watafsiri: Lufufu hapa Tanzania, DJ Afro kule Kenya, na wengine wengi waliofuata nyayo zao. Watu hawa hawakutafsiri maneno tu. Walimpa stelingi ukoo, wakampa adui tabia ya jirani unayemjua, wakasimamisha pambano ili waeleze kwa nini serikali ya mle ndani ni ya dhuluma. Mama muuza samaki alitoka kibandani akibishana juu ya utawala, na hakuna aliyemlalamikia kwamba ametia siasa. Hiyo ni sanaa kubwa, na sikubali idharauliwe kwa sababu ilifanyika chini ya bati. Ninajua kazi hiyo ina suala lake la haki miliki ya filamu zenyewe, na suala hilo lisuluhishwe kwa leseni zinazoeleweka na zinazolipika.

Lakini sauti ni ya mtafsiri mwenyewe. Leo programu inaweza kusikiliza rekodi fupi ya mtu na kuiga sauti yake ikisema jambo asilolisema. Rekodi zenu zimejaa mtandaoni. Kampuni itakayotaka kuuza filamu zake kwa Kiswahili haitakuwa na haja ya kuwaita, itachukua mlio na mahadhi yenu na kuendelea. Waigizaji wa Marekani walikuwa na chama chenye nguvu ya kusimamisha kazi miezi mitatu na zaidi. Nyinyi mna nini?

Na kuna Liyongo. Nimesikia vikundi kadhaa vya vijana vinamwandikia filamu na katuni, na moyo wangu unafurahi. Fumo Liyongo ana kila kitu: jitu la nguvu, mshairi, mtu asiyedhurika kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Muhammad Kijumwa aliuandika utenzi wake Lamu mwaka 1913, lakini hadithi yenyewe ni ya kale zaidi. Na siasa, jamani, zimejaa tele. Mfalme wa Pate anamwogopa mtu mwenye haki ya kutawala. Anamfunga. Liyongo anamtuma kijakazi Saada kwa mama yake kwa wimbo wa mafumbo, mama anaoka mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani, walinzi wanajilia mikate mizuri na kumwachia mfungwa ule wa makapi. Ngoma inalia nje, naye anakereza minyororo ndani ya kelele hizo. Mwisho mfalme hamshindi kwa jeshi. Anamshinda kwa kumwahidi mwanawe cheo na binti wa kumwoa, na kijana anamuua baba yake usingizini.

Mtakapoitoa, mtaambiwa mmeiharibu. Wa Lamu watasema mmeipotosha, wa bara watauliza kwa nini lafudhi ni ya kaskazini. Wengine watamtaka Saada awe mtu kamili, mwenye maamuzi yake, na wengine watasema hiyo ni siasa ya kisasa. Mimi niko upande wa Saada. Bila yeye na kumbukumbu yake ya wimbo hakuna ukombozi, na utenzi umemwacha nje ya mlango wa gereza. Mpeni nafasi. Msikubali kumlainisha mfalme ili mpate mfadhili.

Ninachowaomba kabla hamjatawanyika ni kitu cha vitendo. Watafsiri mliopo hapa, andikisheni kazi zenu COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, na ndugu zetu wa Kenya waende kwa wenzao wa huko, KECOBO. Kaeni na mwanasheria, muandike mkataba mmoja wa pamoja wenye kifungu kinachosema sauti ya mtafsiri isinakiliwe na mtambo wowote bila ridhaa yake ya maandishi na bila malipo, na asiwepo wa kusaini kwingine peke yake kwa bei ya chini. Na mnaomwandika Liyongo, wekeni majina yenu kwenye ukurasa wa kwanza, pamoja na tarehe, kabla ya kumtumia yeyote hata kwa barua pepe.

Maswali sasa. Najua wapo walio upande wa Killmonger humu ndani, nimewaona wakinung'unika nilipomtaja. Ningependa waanze wao.